Robo Gramu Katika Nchi ya Uzani

Msiniulize njia ya kwenda Uzani. Nilikwenda kwa sababu niliitwa kutengeneza mizani, nikarudi kwa sababu kazi ilikwisha, na kati ya kwenda na kurudi niliona mambo ambayo nisipoyaandika nitakufa nayo kifuani. Mimi ni Gaudensi Kapinga, fundi wa mizani, mzaliwa wa Mbinga. Nimetengeneza mizani za kahawa, za nyama, za kliniki ya watoto, na moja ya sonara. Kazi hii imenifundisha kwamba mizani haizaliwi na uongo, hufundishwa na watu. Kwa hiyo nilipojikuta katika nchi ambayo mizani ndiyo hakimu, nilitega masikio.

Sheria ya kwanza ya Uzani imechorwa juu ya kila mlango: KITU NI KILE AMBACHO MIZANI IMESEMA. Kutokana na sheria hiyo, kila kitu kina kibati kinachoeleza ni nini na kina uzito gani. Nilikalia KITI, KILO SITA. Nilinywa chai katika KIKOMBE, GRAMU MIA MBILI NA KUMI. Watu nao huvaa vibati shingoni. Changu kiliandikwa MWANAMUME, KILO SABINI NA TISA, na nilipouliza kama kuna nafasi ya jina, karani akataka kujua jina langu lina gramu ngapi. Aliuliza kwa adabu kabisa, kalamu mkononi, akisubiri jibu.

Huko hawaulizani habari za asubuhi. Mmoja husema, "Umepimwa?" na mwenzake hujibu, "Nimepimwa," kisha kila mtu anashika njia yake akiwa ameridhika.

Hata msiba unapimwa. Mfiwa hupandishwa kwenye mizani siku ya maziko na tena siku ya arobaini, na asipopungua kilo mbili huandikwa kwamba hakufiwa. Nilikutana na mzee mmoja aliyempoteza mke aliyeishi naye miaka thelathini. Bahati yake mbaya, ni mtu ambaye huzuni humpeleka jikoni. Alitoka arobaini akiwa ameongezeka kilo tatu, akaamriwa kuvua nguo za msiba mbele ya watu. Jirani yake, aliyekuwa akigombana na mkewe kutwa kucha hadi siku ya mwisho, aliugua malaria wiki ileile, akapewa cheti cha majonzi makubwa. Nilipocheka peke yangu, nilitazamwa vibaya.

Nilipelekwa pia kuona Jiwe la Asili, ambalo ndilo kilo ya kwanza, na kilo nyingine zote zimetokana nalo. Limewekwa ndani ya nyumba ya kioo na watu huvua viatu kabla ya kuingia. Kwa udadisi wa kazi yangu nikamuuliza mlinzi, "Na lenyewe linapimwa kwa kitu gani?"

Mlinzi akanitazama kana kwamba nimemtukania mama. "Halipimwi."

"Sasa mnajuaje kuwa ni kilo moja?"

"Tuliambiwa na waliotutangulia," akasema, "nao hawakuwa waongo."

Nikasema vyema, nikaenda kuvaa viatu vyangu.

Basi kesi ninayotaka kuisimulia ilianzia kwenye lango la kata ya kaskazini, nami nilikuwapo, nimelala chali chini ya mizani ya lango nikikaza skrubu. Katika Uzani huwezi kupitisha chakula kutoka kata moja kwenda nyingine bila kukitolea tamko. Unamwambia karani umebeba nini, karani anaandika, kisha mizani inasema kama umesema kweli. Alikuja Padre Severini, paroko wa Wakatoliki wa huko, ambao wote pamoja hawazidi familia kumi na moja. Alikuwa amevaa stola, ule ukanda wa kipadre wa shingoni, ndani ya koti na ameshika kikopo kidogo kifuani.

"Umebeba nini, Padre?" karani akauliza.

"Mwili wa Bwana wetu Yesu Kristo."

Karani akaandika pole pole, herufi kwa herufi, wala hakuinua uso. "Uzito?"

Padre akafikiri kidogo. "Sijawahi kuupima."

"Unampelekea nani?"

"Bibi Apolonia. Ni mgonjwa sana, anasubiri Komunyo ya mwisho."

Mimi chini pale nilitamani kumvuta Padre suruali aseme "mkate." Neno moja tu, angepita na kikopo chake na bibi angepokea kabla ya chakula cha mchana. Lakini Padre Severini ni mtu mpole mwenye shingo ngumu, na watu wa namna hiyo hawasaidiki. Kikopo kikafunguliwa. Ndani mlikuwa na hostia moja ndogo, lile duara jembamba jeupe la Komunyo. Mizani, ambayo nilikuwa nimeitengeneza vizuri mno, ikasema: mkate, robo gramu.

Katika Uzani unaweza kuiba ukasamehewa, lakini tamko la uongo ni kosa la kuitikisa nchi. Kikopo kikatiwa lakiri. Kikanisa chao nacho kikafungwa siku hiyohiyo, Padre asiweze kuadhimisha Misa nyingine. Karani akamsomea kifungu: chakula hicho kitazuiwa mpaka mtoa tamko alirekebishe, au mpelekewa aweke kidole gumba kukubali kwamba ni kile mizani ilichosema. Padre akasema hawezi kurekebisha ukweli. Bibi Apolonia naye alipopelekewa karatasi akakunja kidole chake ndani ya kiganja. Mganga wa zahanati alikuwa amempa siku tatu au nne za kuishi.

Jalada likaenda kwa Mpimaji Mkuu wa nchi, Bwana Yakini, na hapo ndipo kila mtu aliposhika kichwa, maana Bwana Yakini ni mtoto pekee wa Bibi Apolonia.

Yakini aliniita ofisini kwake. Ni mtu nadhifu, wa sauti ya chini, anayekunja leso yake mara nne kabla ya kuirudisha mfukoni. Nilitegemea kukuta mtu mkatili, nikakuta mtu ambaye hakulala.

"Fundi, wewe ni mgeni, huna upande," akasema. "Nitasikiliza kesi hii keshokutwa asubuhi, uani kwa mama, kwa sababu hawezi kutoka. Nataka mizani ya vitanga viwili. Kitanga kimoja hostia ambayo haijasaliwa Misa, kingine hiyo ya Padre. Zikitofautiana hata kwa unywele, nitaandika kwamba Padre alisema kweli. Sitaki mtu aseme nimempendelea mama, wala aseme nimemwonea."

"Na zikilingana, mheshimiwa?"

Akakunja leso. "Mama aweke kidole. Kidole tu, fundi. Akiweka hata sasa hivi nitampelekea mwenyewe mbio. Nimemwomba, nimembembeleza kama mtoto. Hataki."

Nilipotoka nje nikamkuta Bwana Tadei ananisubiri. Huyu ndiye mwenyekiti wa walei, yaani waumini wasio mapadre, mtu mwenye bidii kubwa na sauti kubwa zaidi. Akanivuta pembeni. Alisema Mungu hakunileta Uzani bure. Alisema kitanga cha mizani kinaweza kubandikwa chembe ya nta kwa chini, mahali ambapo jicho halifiki. Hostia ya Padre ingeshuka, Yakini angelazimika kuandika, kikanisa kingefunguliwa, bibi angepokea, na nchi nzima ingeamini.

"Fikiria, ndugu yangu," akasema. "Nchi nzima. Kwa nta ya mshumaa."

Sitajisafisha. Nilikubali, tena haraka. Nikajiambia ubaya uko wapi, ninausaidia ukweli ambao tayari ni ukweli. Nilibandika nta ndogo kama punje ya mtama, nikajaribu, kitanga kikashuka kwa heshima. Nikaona nimefanya kazi nzuri kiasi kwamba nikaenda kumpa bibi habari njema, asife na wasiwasi.

Bibi Apolonia alikuwa amelala karibu na dirisha, mdogo kama nguo iliyokunjwa, lakini macho yake yalikuwa na afya kuliko yangu.

"Tumsifu Yesu Kristo," nikasema.

"Milele na milele, amina. Karibu, fundi. Kaa hapo, usikiogope, kinadai ni kiti."

Nikakaa, nikamsogelea, nikamweleza habari ya nta kwa kunong'ona. Nilimaliza nikitabasamu. Yeye hakutabasamu.

"Sasa keshokutwa kitanga kikishuka," akasema, "mimi nitakuwa nimeamini nini?"

"Utakuwa umepata Komunyo, bibi."

"Sikukuuliza nimepata nini. Nimekuuliza nitakuwa nimeamini nini."

Nikakishika kibati cha kiti, nikakiachia.

"Nitakuwa nimeamini nta," akasema. "Na mwanangu naye ataamini nta, masikini, mtoto ambaye hajaamini kitu maisha yake yote. Njia ya mwongo ni fupi, fundi. Wewe utarudi kwenu, nta itadondoka siku moja, halafu watabaki na nini?"

"Bibi, hutaki kupokea?"

Akageuza uso. Nilidhani amekasirika, kumbe alikuwa anatafuta pumzi. "Ninaitaka kuliko maji. Ninaogopa kwenda bila yake, nakwambia kweli, naogopa. Lakini sikiliza. Miaka sitini na miwili nimeambiwa Mwili wa Kristo, nami nimesema Amina. Sijawahi kuonja kitu kingine ila mkate. Unadhani sikujua? Ulimi ninao. Macho ninayo, yanaona mkate. Ni masikio tu yaliyosikia kitu kingine, kwa sababu ni Yeye aliyesema. Nimemwamini aliyesema. Sikuuamini ulimi wangu, nitaanzaje leo kuiamini mizani yako?"

Kisha akasema kwa upole kabisa, "Nenda kabandue, mwanangu."

Nilikwenda nikabandua. Nilikuwa na aibu ya kutosha kujaza kitanga chochote. Mimi ni Mkatoliki tangu kubatizwa, na niseme wazi kwamba Jumapili nyingi nimerudi kutoka kupokea nikiwaza supu ya mbuzi. Sikuwahi kujiuliza kama naamini. Nilikuwa nimezoea, kama mtu alivyozoea njia ya kwao asijue ina kona ngapi.

Siku ya kesi, kitanda cha bibi kilitolewa barazani. Watu walijaa uani: makarani, wadadisi, zile familia kumi na moja, na bwana mmoja kutoka Idara ya Tofauti ambaye kazi yake ni kuuliza. Padre Severini aliruhusiwa kuziweka hostia mwenyewe juu ya vitanga, kila moja juu ya kipande cha kitambaa cheupe chenye uzito uleule. Mkono wa mizani ukayumba, ukatulia katikati. Haukuegemea upande wowote. Bwana Tadei akanitazama kana kwamba mimi ndiye Yuda, nami nikatazama viatu vyangu.

Bwana wa Idara ya Tofauti akasimama. "Padre, ukiimega hiyo vipande viwili, utakuwa na nusu ya mwili hapa na nusu pale?"

"Hapana. Yu mzima katika kila kipande."

"Na ukimega mara kumi?"

"Mzima mara kumi, na bado ni mmoja."

Watu wakacheka, na karani akasema hana safu ya kuandika hesabu ya namna hiyo.

"Hata mimi seminarini sikuimaliza," Padre akasema, naye akicheka kidogo. "Ni fumbo. Nimepewa kuingia ndani yake, sikupewa kulifunga na kuondoka."

Yakini akagonga meza. Akasoma hukumu kwa sauti isiyo na rangi: kitu kilichomo kitangani ni mkate, robo gramu, bila tofauti na mwenzake. Kisha akaiweka karatasi chini, akaenda barazani, akachuchumaa kando ya kitanda.

"Mama, umeona."

"Nimeona, mwanangu. Mizani yako ni nzuri. Imeulizwa uzito, imejibu uzito."

"Basi kubali, mama. Weka kidole."

"Soma kibati changu."

Yakini akasita, akakishika kibati kilichokuwa shingoni mwa mama yake. "Mwanamke, kilo thelathini na nane."

"Mizani imekosea?"

"Haijakosea."

"Ulipoingia asubuhi ulisemaje?"

"Nilisema shikamoo, mama."

"Hilo la mama umelisoma wapi?"

Yakini akakiachia kibati. Bwana wa Idara ya Tofauti akadakia kwamba umama una ushahidi, kwamba cheti cha kuzaliwa kipo. Mtu mmoja nyuma akasema, "Kina gramu nne."

"Na usifikiri nakupigia mfano," bibi akaendelea, sauti ikizidi kupungua. "Sikuwa mama yako kwa sababu unaniita mama. Unaniita hivyo kwa sababu ndivyo nilivyo, hata ungekaa kimya. Na pale kitangani ndivyo ilivyo, hata mimi nikifa sijapokea. Nikimkana ili nimpate, Yakini, nitakuwa nimempata nani?"

Alifumba macho. Yakini alibaki amechuchumaa muda mrefu kuliko unavyofaa kwa mtu wa cheo chake.

Ndipo karani akasoma kifungu ambacho mimi sikukijua. Chakula kilichothibitishwa, kisipochukuliwa na mwenye kuweka kidole, hakihifadhiwi. Hutupiwa mifugo iliyo karibu, mbele ya mashahidi, kwa mkono wa aliyetoa hukumu. Mifugo iliyokuwa karibu ni kuku wa bibi mwenyewe, saba hivi na jogoo, wakiparua chini ya ukuta. Karani akaongeza kwa sauti ya chini, kama kumkumbusha mkubwa wake, kwamba Mpimaji Mkuu asiyetekeleza hukumu yake huvuliwa cheo siku hiyohiyo.

Padre akapiga magoti kwenye vumbi. "Nipe mimi niipokee," akasema, "kisha unifunge."

"Hukuweka kidole," karani akajibu.

Yakini akaenda mezani. Akaitoa hostia kitangani pamoja na kitambaa chake, akaiteremsha juu ya sahani ndogo ya shaba, akatembea hadi katikati ya ua. Kuku walimfahamu. Ni mkono uliozoea kuwatupia mtama kila alipokuja kumtembelea mama yake, basi walimkimbilia wote, wakamzunguka miguuni wakiinua shingo.

Niliogopa. Sikuogopa kwa ajili ya bibi tu. Nilitaka kuirukia ile sahani. Na katikati ya hofu hiyo nikagundua kwamba ninaamini, tena nimeamini siku zote bila kujua, maana hakuna mtu anayeogopa hivyo kwa ajili ya robo gramu ya mkate. Nilitazama barazani. Bibi Apolonia alikuwa bado amefumba macho, midomo inacheza.

Yakini alisimama. Sahani ilikuwa mkononi, na mkono ulikuwa umenyooka. Jogoo akaruka kidogo akagusa suruali yake.

"Mheshimiwa," karani akasema, "ni mkate tu."

"Najua ni nini. Nimeandika mwenyewe."

Akaendelea kusimama. Jasho lilimtoka usoni na hakuitafuta leso. Nadhani alikuwa anaungoja mkono wake umtii, na mkono haukumtii.

"Wafungieni kuku," akasema hatimaye.

"Mheshimiwa?"

"Nimesema wafungieni kuku."

Akina mama wawili wakawaswaga kuku hadi bandani wakafunga mlango. Yakini akaishika sahani kwa mikono miwili, akaanza kurudi barazani hatua kwa hatua, kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa maji hadi ukingoni. Alipopita karibu na karani, karani akamwambia kwamba cheo chake ndicho hicho kinakwenda. Akasema, "Andika," bila kusimama.

"Mpe," akamwambia Padre.

Padre Severini akasimama na vumbi lake magotini. Akaichukua hostia, akaiinua kidogo mbele ya mgonjwa. Bibi alikuwa amefumbua macho.

"Mwili wa Kristo."

"Amina," bibi akasema, na sauti ile, ambayo dakika chache kabla ilikuwa ya kunong'ona, ilifika hadi ukutani. Zile familia kumi na moja zilikuwa zimekwisha kupiga magoti. Bwana Tadei alikuwa analia waziwazi. Mimi sikumbuki nilipiga magoti saa ngapi, najua tu kwamba niliinuka nikiwa na mchanga.

Sisemi kwamba bibi alipona. Hakupona, wala hakuna aliyetegemea apone. Alipokea, akamshika mwanawe kidole, akalala usingizi mtulivu, na watu wakaanza kutawanyika bila kusalimiana, kwa sababu salamu waliyoizoea haikuwafaa saa ile.

Nilikwenda kuifungasha mizani yangu. Yakini alikuwa bado amesimama kando ya kitanda na sahani mikononi, kibati cha cheo kikiwa kimekwisha kuondolewa shingoni mwake. Aliiinamisha sahani kidogo kwenye mwanga. Nikasogea nikaona anachokitazama. Chembe mbili au tatu zilikuwa zimemeguka zikabaki juu ya shaba, ndogo kuliko vumbi la unga. Mimi ni fundi, nawahakikishia kwamba hakuna mizani katika nchi ile ambayo ingezisoma, na kisichosogeza mshale katika Uzani, kwa sheria, hakipo. Yakini alikuwa amezuia pumzi zake zisije zikazipeperusha.

"Padre," akaita kwa sauti ya chini, "hizi nazo tunazifanyaje?"